Usingizi wa Mama Mchungaji

Asubuhi, umande haujakauka kwenye migomba, tulikuwa tukimsikia akifagia. Alifagia uwanja wa nyumba ya mchungaji, akafagia njia ya kwenda kanisani, akafagia mlango wa kanisa, na kama jua lilikuwa bado chini alianza kuifagia njia ya kuja kwangu, ambayo haikuwa kazi yake. Nikifungua mlango nilimkuta amesimama na ufagio mkononi, anatazama huku na huku kama mtu aliyefika gatini Bukoba akakuta meli imekwisha kung'oa nanga.

Sote tulimwita Mama Mchungaji. Jina lake la ubatizo nililisikia kwa mumewe peke yake, naye alilitaja kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa madarasa ya chini katika shule ya usharika ule, juu Kamachumu, enzi za Mwingereza, na nyumba yangu ilipakana na kibanja chao, shamba lao la migomba. Nilimjua miaka mingi, na karibu yote alikuwa mtu asiyelala.

Salamu yetu ya asubuhi kwa Kihaya humwuliza mtu amelalaje. Yeye hakuipenda. Ukimwamkia alijibu harakaharaka, kisha akakuuliza habari za kuku. Kanisani hakuweza kukaa kitako mahubiri yakaisha. Alisimama nyuma karibu na mlango, akibadilisha mguu. Kwenye kikao cha akina mama alikuja na ungo wa maharage ili mikono iwe na la kufanya, na maharage yakiisha alichukua ya mwenzake. Ukitembea naye ilikubidi ukimbie kidogo. Watu wageni walidhani ana hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kiasi kwamba akiketi tu uchovu ungemkamata, na akilala kitandani uchovu huohuo ungemkimbia.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wanakwaya walisema ni mtoto wake wa pili, aliyezikwa nyuma ya nyumba. Wazee wa kanisa walisema ni safari za mchungaji, aliyekuwa akizunguka mitaa kwa baiskeli wiki nzima. Mama mmoja muuza samaki alisema ni kahawa. Huku kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa kavu za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikaanikwa, na nyumba ya mchungaji haikosi wageni; basi Mama Mchungaji alitafuna kutwa. Aliwahi kuziacha Kwaresima nzima ili kumnyamazisha yule muuza samaki. Pasaka ilipofika alisema hajaona tofauti, ila kichwa kilimwuma na wageni walimwona mchoyo.

Mimi nilipomwuliza sababu alinijibu, "Sijui, Mwalimu. Ningeijua ningeipeleka yenyewe kwa daktari, mimi nikabaki nyumbani."

Hakusomea udaktari. Dawa za usingizi alizijua jinsi mke anavyowajua ndugu wa mumewe, yaani kwa kukaa nao. Mama yake alikuwa amemnywesha omubilizi, yale majani machungu ambayo kwetu hutibu kila kitu, na yakamtibu kila kitu isipokuwa hicho. Ndipo akaanza kwenda hospitali ya misheni. Wanawake wengine wakikutana huzungumza juu ya wakwe na bei ya chumvi. Yeye akikupenda alikueleza tofauti ya dawa moja na nyingine, huku akimenya ndizi mbiombio bila kuangalia kisu.

Aliyopewa kwanza ilikuwa bromidi, maji yenye ladha ya chumvi. Ilimtuliza. Baada ya miezi ikaanza kumsahaulisha: alimwita mzee wa kanisa kwa jina la mzee mwingine aliyekwisha kufa, alipanda ngazi akiyumba, na usoni vikamtoka vipele kama binti anayebalehe. Daktari aliikatiza, akamwambia anywe maji mengi na wala asipunguze chumvi chakulani, maana dawa ile hujilimbikiza mwilini na chumvi ndiyo huisukuma nje. "Bromidi ni mgeni asiyeaga," Mama Mchungaji alikuwa akisema. "Unadhani ameondoka, kumbe yuko jikoni." Klorali aliisifia kwamba inakuja mara moja, lakini tumbo lilimwaka hata asiweze kugusa ebitoke, ndizi zetu za kupika, mpaka adhuhuri. Fenobabitoni, vile vidonge vyeupe wanavyopewa wenye kifafa, alividharau. Alisema vinachelewa kuja na vinachelewa kuondoka, na kwamba asubuhi alifagia huku nusu yake ikiwa bado kitandani.

Daktari wa misheni alipendelea paraldehidi. Ilikuwa dawa ya maji, kwenye chupa ya kioo ya rangi ya hudhurungi. Alimweleza kwamba kati ya zote hiyo haimnyang'anyi mtu pumzi upesi, mradi isiwe ya zamani; ikichakaa hugeuka, ikanuka siki na kuunguza, na hapo imwagwe. Kasoro yake kubwa ni harufu. Dawa ile hutoka mwilini kwa njia ya pumzi, kwa hiyo kesho yake mtu hunuka kutwa, na hakuna mswaki utakaomsaidia.

Miaka ile uamsho ulikuwa umewaka usharikani. Watu waliungama hadharani na kuvunja vibuyu vyao vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na Mama Mchungaji alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa mkali kwa pombe kuliko mumewe. Mchungaji aliweza kupita penye ngoma ya harusi akasalimia. Mkewe alizunguka njia ya mbali. Sasa fikiria mwanamke huyo anasimama mlangoni Jumapili akiwapa watu mkono, na pumzi yake inanuka kitu kikali kisichojulikana.

Wazee wa kanisa walikuja siku ya Jumanne, mchana, mimi nikiwa pale nimeleta mbegu za maharage. Walizunguka sana. Walizungumza habari za mvua, wakazungumza habari za paa la kanisa, mwishowe mkubwa wao akasema kwamba kuna maneno yanasemwa, na kwamba wao hawayaamini, ila wamekuja kuyauliza. Mama Mchungaji alikuwa amesimama kama kawaida yake. Aliingia chumbani, akaleta ile chupa, akaifungua chini ya pua ya mzee. Mzee alirudi nyuma hata kiti kikapinduka, macho yakamtoka machozi.

"Kama kuna pombe inayonuka hivi, tata," alimwambia, "walevi wote wangekuwa wameokoka."

Wazee waliomba radhi, na mmoja alicheka mpaka nje. Lakini maneno hayafutwi na wazee watatu. Siku za mikutano mikubwa, watu wa mitaa mingine ambao hawakuiona chupa waliendelea kugeuza nyuso wakipeana naye mkono. Alivumilia kwa muda, kisha akaiacha paraldehidi, iliyokuwa salama kwake kuliko zote, akatafuta kitu kisichonuka.

Ndivyo alivyofikia vidonge vyekundu. Kichupa cha kwanza aliachiwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Kilipoisha alivipata mjini, kwenye duka la dawa la Mhindi, kwa cheti ambacho daktari alikiandika shingo upande. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana mashavu. Alipunguza kufagia. Lakini kila alipovisifu alishusha sauti.

"Hivi ni vitamu, Mwalimu, ndiyo maana naviogopa. Vinakuja kabla hujamaliza Baba Yetu. Ila mwezi huu kimoja kinakutosha, mwezi ujao kinakudharau."

Akaniambia hatari zake kama mtu anayemwonya mwenzake juu ya mto. Mtu aliyesinzia nusu anaweza kusahau kwamba amemeza, akameza tena. Na havichanganywi na pombe hata kidogo, kwa sababu pombe na vidonge vile vyote viwili hupunguza pumzi, na vikikutana mtu anaweza asiamke. Hilo alilirudia kwa kiburi kidogo. Katika nyumba yake, alisema, angalau hatari hiyo haipo.

Mama mkwe wake alikuwa Mkatoliki wa Kashozi, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, ambaye hakuacha dini yake mwanawe alipokuwa mchungaji wa Kilutheri. Tulimwita Bibi. Alikuja kukaa nao msimu wa kuvuna kahawa. Huyu alipenda rubisi, na kwao Kashozi hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Kwa mwanawe alijua nyumba ilivyo. Basi alikuwa akiteremka kwa jirani wa bondeni, anakunywa huko, na akirudi anatafuna kahawa kinywa tele ili asinuke. Watu wa bondeni walijua. Mimi sikujua, na mkwewe hakujua, maana neno pombe lilikuwa halitamkwi karibu na nyumba ile.

Siku moja Bibi alirudi matembezini mchana akiwa ameshika shavu. Jino lililokuwa likimsumbua siku nyingi lilikuwa limemvimbisha, na alilia kama mtoto. Aliomba dawa ya kulala ili apumzike na maumivu. Mama Mchungaji alimwuliza, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye, "Mae, hujanywa kitu kingine?" Bibi akajibu kwamba amekunywa maji, na ametafuna kahawa. Akampa kidonge kimoja, akaweka kichupa mezani, akakimbilia jikoni ebitoke visiungue. Bibi, kwa maumivu au kwa kusahau, akanyoosha mkono akaongeza.

Siku hiyo shule ilipofungwa nilipita pale kurudisha ungo. Nilisikia mkoromo ambao sijausikia tena: unavuta, unasita, kimya kirefu, halafu unavuta. Mama Mchungaji alitoka jikoni akakisikia kimya hicho wakati mmoja nami. Tulimkuta Bibi midomo imekuwa rangi ya majivu. Tulimwita, tukamfinya, hakufumbua jicho. Mama Mchungaji alishika kichupa, akakiangalia, akakirudisha mezani polepole sana, yeye asiyefanya kitu polepole. Kisha akamlaza Bibi kwa ubavu na kuniambia niite wanaume.

Mchungaji alikuwa mbali na baiskeli yake. Wanaume walikuja na engozi, machela yetu ya kusuka, wakambeba mabegani hadi hospitali ya misheni. Muda wote wa safari Mama Mchungaji alitembea pembeni ameinua mkono, ameshika kidevu cha mama mkwe wake kukisukuma juu ili ulimi usizibe pumzi. Walipobadilishana wabebaji yeye hakubadilishwa.

Daktari alitazama macho ya Bibi, akauliza amemeza nini, akaambiwa. Akauliza kama amekunywa pombe.

"Hapana," alisema Mama Mchungaji. "Kwetu hakuna pombe."

Mmoja wa wabebaji, kijana wa bondeni, alikuwa akijifuta jasho ukutani. Aliangalia chini akasema, "Amekunywa, Daktari. Kwetu. Tangu asubuhi."

Daktari alianza kazi, nasi tukatolewa nje. Mama Mchungaji alizunguka jengo lile la hospitali, akalizunguka tena, mpaka muuguzi akaja kumwomba asikanyage maua.

Bibi alipona. Haikuwa haraka, pafu lake moja liliingiwa na homa, na kwa siku nyingi alilishwa uji kwa kijiko. Alipopata sauti, jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba mkwewe msamaha. "Nilikuogopa, mwanangu," alimwambia. Mama Mchungaji angeweza kuvumilia kulaumiwa. Kuombwa msamaha ndiko kulikomvunja.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, alikwenda mbele. Alisema kwamba ametoa dawa yake kwa mtu ambaye daktari hakumwandikia, na kwamba hilo ni kosa lake la kwanza. Kisha akasema, "La pili ni kubwa zaidi. Mama huyu alinidanganya kwa sababu nimewafanya watu wote waogope kuniambia kweli. Ningejua amekunywa, nisingempa. Alitakiwa aseme neno moja tu, na neno hilo mimi nilikuwa nimelifukuza nyumbani kwangu." Kiongozi wa kwaya, kwa huruma, alianzisha wimbo. Mama Mchungaji akamwambia asubiri, hajamaliza. Lakini alikuwa amemaliza. Alisimama tu pale mbele, ametulia mikono, mpaka mumewe alipokuja kumshika mkono.

Mchana uleule alimwaga vidonge vyake vyote chooni. Wana uamsho walimsifu. Kumbe alikuwa amekimbia hatari moja akaingia nyingine. Baada ya siku chache tulikuwa pamoja kwenye mikeka ya kahawa, jua kali, nikaona vidole vyake vinatetemeka hata buni zinamdondoka. Alikuwa akitoka jasho, akalalamika kwamba mkeka unatambaa. Kabla sijajibu alianguka, akakakamaa, akaanza kurusha miguu. Waliokuwa karibu walikimbia wakisema ni kifafa, wengine wakasema ni pepo. Mimi nilisukuma mawe kando ya kichwa chake na kusubiri, nikiwa naogopa kuliko siku ya Bibi.

Daktari hakushangaa. Alituambia kwamba mwili uliozoea kuzuiwa miaka mingi ukiachiwa ghafla hupiga mateke, na kwamba dawa za jamii ile haziachwi siku moja, hupunguzwa. Akamrudishia fenobabitoni, vile vidonge vyeupe alivyovidharau, akawa anampunguzia kidogokidogo kwa miezi. Mama Mchungaji alirudi kwenye ufagio wake, macho mekundu, hasira karibu. Alinigombeza kwa mambo ya ovyo, kisha akaniletea mkungu wa ndizi, kisha akanigombeza kwa sababu nilimshukuru mno.

Usidhani alilegea kwa pombe. Aliendelea kuichukia, na aliendelea kuisema. Ila sasa mtu yeyote aliyeingia kwake akiumwa aliulizwa kwanza kama amekunywa, kwa sauti ileile ya kumwuliza mtu kama amekula. Watu wa bondeni walicheka, lakini walimjibu. Na Bibi alipokuja tena kutoka Kashozi alitoka nyumbani akiaga kwamba anakwenda kunywa, mkwewe akamwambia asichelewe.

Baadaye mchungaji alihamishiwa usharika mwingine, nami nikaolewa na mfanyakazi wa shamba la majaribio ya kahawa, tukahamia Maruku. Miaka ikapita. Mume wangu akafa kwa ugonjwa mfupi, na usingizi wangu ukaenda naye. Mtu fulani mjini alinipa vidonge, nikavitambua rangi, nikavimeza hivyohivyo.

Nilikutana na Mama Mchungaji Bukoba sokoni, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nywele zilikuwa nyeupe. Alishika mkono wangu, akaniangalia, na badala ya kunipa pole akauliza, "Unameza nini?"

Nikamwambia. Akauliza vingapi. Nikamdanganya. Akauliza tena, nikasema kweli. Akauliza kama ninakunywa rubisi, nikasema hapana, akaniamini. Nilimwomba tu anishauri dawa iliyo bora kuliko hii, kwa kuwa yeye alizijua zote.

"Zote zinafanya kazi," alisema. "Tatizo lao ni hilo."

Aliagiza habari zifike kwa mumewe, akapanda lori la Maruku pamoja nami bila hata nguo ya kubadili. Nyumbani alidai kichupa, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Kila jioni alisaga kipimo changu, akakichanganya na asali kwenye kijiko, akanilisha kama alivyomlisha Bibi uji. Alinionya kwamba atapunguza taratibu na kwamba nitamchukia. Nilimchukia. Mchana alinipeleka shambani kupalilia hata pasipokuwa na magugu. Nilitetemeka, nililia, nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mke wa mchungaji. Alikaa mpaka kahawa yangu ikachumwa yote.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Tulipokuwa tukingoja lori alifungua pindo la kanga, akanionyesha vidonge vilivyobaki. Vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia.

"Tangu mwezi ulipoandama," alisema, "umekuwa ukila asali tupu."

Nilikasirika. Nilimwuliza kwa nini alinificha, yeye aliyesimama mbele ya usharika mzima kusema ubaya wa kufichana.

"Ndiyo," alisema, na alikuwa anacheka. "Kwa hiyo nakuambia kabla sijapanda."

Lori likaja, akasukumwa juu na utingo, akakaa karibu na dereva huku tayari anampanga mtu mwingine akae wapi. Sikupunga mkono. Nilirudi nyumbani kwa hatua kubwa, nikafunga mlango kwa kishindo, nikajitupa kitandani na viatu vyangu ili nimfikirie vibaya kwa nafasi. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka, na kuku walikuwa wanaingia ndani mmojammoja.